Dakika Tano za Mwanasaumu

Kwa mujibu wa waraka uliobandikwa ubaoni mwaka wa 1987, mgonjwa yeyote katika jamhuri, awe mjini au nyikani, atahudumiwa ndani ya dakika tano, na kila mhudumu wa afya atapimwa kwa kipimo hicho. Waraka ulikuwa na mihuri miwili.

Mwanasaumu wa Timbwani aliusoma wote, mihuri pamoja. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, kibarua wa miaka kumi na mmoja katika zahanati moja ya Likoni. Kila Ijumaa akiambiwa arudi Jumatatu, inshallah. Sasa zimetangazwa nafasi za kudumu. Akizikosa hizi, umri wa kuajiriwa utakuwa umempita.

Mtihani ulikuwa kumpima presha Mzee Nguma, bawabu wa ofisi, aliyeazimwa kutoka getini kwa shughuli hiyo. Msaili, Bwana Musyoka, alishika saa. Watahiniwa sita walikuwa wameshapita, kila mmoja akiurukia mkono wa mzee bila hata hodi. Mwanasaumu akavuta kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Za nyumbani? Watoto hawajambo? Na hilo goti, au nimeona vibaya?"

"Hujaona vibaya. Goti hili, wallahi..."

Goti likaelezwa tangu mvua za mwaka juzi.

"Mama," Musyoka akasema, "tumekuja kupima presha, si kuposa."

"Bwana, ukimjia mtu kwa kishindo, utapima kishindo chako."

Dakika kumi na nne. Wale sita walikuwa wamepata presha ya juu mno, hata mzee akaandikiwa barua ya kwenda hospitali. Mwanasaumu alipata ya kawaida. Musyoka akapima mwenyewe, polepole; akapata ile ile. Akaichana barua. Kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni, akaandika: *Ameshindwa kwa sababu ya muda.*

Waliofaulu wakachagua vituo: Voi, Kilifi, Malindi. Ikabaki nafasi moja, zahanati ya mbali kaskazini, kupita Marsabit, isiyotakiwa na yeyote aliyejua kutunza muda. Akapewa yeye.

"Kwani umeiba nini?" akauliza mamake, Bi Mwanatabu, maana kwa ajuavyo yeye, huko hupelekwa mtumishi aliyekosa.

"Sikuiba, mama. Nimechelewa."

"Na huko ndiko utakakowahi?"

"Ni kazi ya kudumu, mama."

Bi Mwanatabu akaenda kumfungia achari ya ndimu.

Kule Mwanasaumu alikuta watu wa mifugo, na mfugaji hamwonyeshi mtu kidonda kabla hawajaulizana habari za mvua, malisho na wanyama, kundi kwa kundi. Nesi aliyemtangulia, hodari wa dakika nne, alikuwa amemaliza mwaka mzima na wagonjwa kumi na tisa.

Mwaka uliofuata alithibitishwa kazini. Barua, ile ile wanayoandikiwa wote, ilimsifu kwa kuzingatia dakika tano. Siku barua hiyo ilipofika, mgonjwa aliyetoka karibu kuliko wote alikuwa ametembea siku mbili, na Mwanasaumu alikuwa bado anamuuliza habari za ngamia.