Kijiko cha Ubatizo

Dagny Haugland Wenzel, binti wa Borghild aliyezalisha nusu ya mji wetu hapa Dakota ya Kaskazini, Marekani, mjukuu wa Nils aliyeezeka kanisa letu, alikuwa mfamasia kwa miaka arobaini na mmoja.

Mjukuu wangu Leif alipokuwa wa miezi miwili, kila alichonyonya kilimrudi na asidi ikamchoma koo. Daktari alimwandikia dawa ya maji. Dagny alitupatia pamoja na bomba dogo la plastiki, lisilo na sindano, la kupimia dozi. Mimi nililidharau bomba lile, nikamnywesha kwa kijiko cha fedha nilichomzawadia siku ya ubatizo. Kumbe kilibeba dozi tatu. Siku ya pili mtoto alilegea, akakataa kunyonya.

Tulimkimbilia Dagny, naye akakigeuzageuza kijiko changu. "Kizuri, Ardis. Nenda ukanywee supu." Kisha akatupeleka mwenyewe kwa gari hadi hospitali. Leif alipona.

Tangu hapo hakuna ubatizo ambao Dagny hakupeleka zawadi ya bomba la kupimia. Juzi, akiwa kitandani, pumzi zimempungua, alinikabidhi boksi lake la mabomba.

"Jumapili anabatizwa mtoto wa akina Torvik. Utapeleka wewe."

"Watanicheka, dada."

"Wacheke. Na kijiko ukichukue, uwasimulie."