Mimi Mchungaji, Nimegundua Binti Yangu Hajui Kusoma Biblia Anayosifiwa Nayo

Admin, jina langu lifiche, na dhehebu lifiche pia, maana waumini wangu wamo humu na wengine wanakomenti kuliko wanavyosali.

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, mchungaji, nina mke na watoto watatu, nachunga kanisa la kijijini huku mkoa wa Singida. Kanisa lenyewe ni la kawaida, mabati, mabenchi na spika moja inayokoroma. Lakini jimbo zima wananijua kwa jambo moja: watoto wa kwangu wanalijua Neno. Na anayejulikana zaidi ni binti yangu wa mwisho, humu nitamwita Neema. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Huyu mtoto anasimama mbele, anafungua Biblia, anatoa sura nzima bila kukosea huku kidole kinatembea kwenye mistari, kina mama wanapiga vigelegele mpaka mimi baba mtu natokwa machozi. Nilijivuna jamani, sifichi.

Sasa mimi nina mdomo, hilo nalo nalikiri. Niliweka sheria kwenye shule ya Jumapili kwamba mtoto aliyefikisha miaka minane kama hajui kusoma hapandi darasa la wakubwa, anakaa mkekani na watoto wa chekechea. Mwaka jana nilimsimamisha binti wa muumini mmoja, mama Joyce, asome mbele ya watu. Akawa anadonoa herufi moja moja kama kuku kwenye mtama. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mama Joyce, huyu unamlea au unamfuga?" Watu wakacheka. Mama Joyce hajakanyaga kanisani mpaka leo.

Mwezi uliopita nilikuwa napura alizeti nyuma ya nyumba, mikono imejaa vumbi, miwani iko ndani. Ukaingia ujumbe kwenye simu. Nikamwambia Neema, "Hebu nisomee, mama." Akaishika simu, akaitazama weee, akasema, "Imeandikwa Bwana asifiwe mchungaji, tunakuombea." Nikaitikia amina, nikaendelea na fimbo yangu. Kumbe mzee wa kanisa alikuwa ananijulisha kwamba mazishi ya bibi mmoja muumini wetu yamewahishwa, wanazika saa saba badala ya saa tisa. Nilifika saa tisa kasoro na Biblia kwapani, nikakuta kaburi limeshafunikwa na watu wananawa mikono wale. Aibu niliyoipata pale sitaisahau.

Nilirudi nimewaka. Nikamwita Neema, nikafungua Biblia mahali penye orodha ndefu ya majina ya koo, ambapo hakuna mtu anayekariri. "Soma." Akaanza kutoa zaburi! Zaburi nzuri kabisa, kidole kinapita juu ya majina ya watu. Nikamuuliza, "Neno hili ni lipi?" Hakutazama kitabu, alinitazama mimi usoni. Hapo nikaelewa: mtoto hasomi, anakariri.

Na aliyemfundisha ni mimi mwenyewe. Nyumbani Biblia nashika mimi, nasoma, watoto wanasema baada yangu huku mikono inapukuchua mahindi. Neema akisikia kitu mara mbili kimeganda. Shuleni wamejaa darasani, ananakili kwa mwenzake, maisha yanasonga.

Nilimuuliza mke wangu kama alijua. Akanijibu kwa Kinyaturu kwanza, ndipo nikajua amekasirika kweli. Kisha akasema, "Nimejua tangu mwaka jana, baba Neema. Ningekwambia wewe? Wewe wa kipaza sauti? Mtoto alinishika mguu akalia, mama usimwambie baba." Tangu siku hiyo namfundisha herufi, lakini mimi sina subira, nikipandisha sauti kidogo tu mtoto anaganda. Mpaka sasa tuko ba, be, bi.

Jumapili hii makanisa yote ya jimbo yanakuja kwetu, ni siku ya watoto. Utaratibu wetu ni kwamba mchungaji mwenyeji anachagua somo la kila kanisa, anaandika sura kwenye karatasi, anafunga kwenye bahasha, na mtoto anafungua na kusoma mbele ya watu bila kujiandaa. Kanisa letu limemweka Neema, na kiongozi wa jimbo ameshatangaza kwamba baada ya hapo nitawafundisha walimu wote wa watoto jinsi ninavyofanya. Nikisema mtoto anaumwa, nimedanganya madhabahuni. Nikisema ukweli, Neema anarudi mkekani kwa sheria yangu mwenyewe, na kijiji kizima kitamcheka kama walivyomcheka binti wa mama Joyce. Nimebanwa kila upande, hata kuomba nashindwa.

Juzi alinifuata ofisini. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba. Akasema, "Baba, si wewe ndiye unayeweka karatasi kwenye bahasha? Nisomee ile yangu tu. Mara mbili inatosha." Nikamfukuza. Nikamwambia atoke na asirudie maneno hayo.

Ndugu zangu, jana mchana nilimwita mwenyewe. Nikafunga mlango, nikamsomea sura ya bahasha yake. Ameshashika mpaka mstari wa tisa, hajakosea hata neno, na akaniuliza, "Baba, sasa hunichukii tena?"

Imebaki mistari mitano, na leo jioni atakuja na Biblia yake. Wazazi wenzangu, wachungaji wenzangu, hata wewe mama Joyce kama umo humu, nishaurini: nimmalizie, au nimwambie nini mwanangu?