Penalti Iliyopigwa Kasulu

Saa nane mchana, jua la Kasulu likiwa limekaa sawasawa juu ya mabati, Esteri Akimana anamwagia maji sakafu ya udongo ya banda lake la kuonyeshea mpira. Anatumia kopo alilolitoboa matundu, taratibu, kama anamwagilia mchicha. Vumbi likishalala anapanga mabenchi: ya Arsenal kushoto, ya Liverpool kulia, na katikati anaacha uchochoro wa kupita mtu mmoja mwembamba.

Kisha anapanda kiti na kutoa kitu msumarini, juu ya televisheni. Ni fimbo ya mti mgumu, nyeusi kwa kushikwashikwa, urefu wake hauzidi mkono wa mtu mzima. Anaipangusa kwa ncha ya kanga.

"Televisheni ikiharibika watu watanisamehe," anasema. "Fimbo hii ikikosekana, watu watatoana meno. Wameshatoana."

Leo Liverpool inacheza na Arsenal, na Esteri ana roho mkononi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ridhiwani Khamisi, ameshamwambia mbele ya majirani kwamba vurugu ikitokea tena, hata benchi moja likivunjika, banda linafungwa. Tena ameahidi kuja mwenyewe kutazama.

Esteri, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni mtoto wa wakimbizi wa Kirundi walioingia Kigoma mwaka 1972 na baadaye wakapata uraia. Alizaliwa huku huku, akalima huku huku, akauza dagaa na mawese katika soko la kambi ya Nyarugusu mpaka mgongo ukamkatalia. Mumewe, Nkunzimana, bado yuko shambani na mihogo yake. Banda hili la nyuma ya stendi, ambalo vijana wanaliita "kibanda umiza" kama yalivyo mengine yote nchini, ndilo linalomsomesha binti yao Mpawenimana, aliye kidato cha nne huko Kibondo. Kiingilio ni shilingi mia tano. Jumamosi ya mechi kubwa hujaa watu themanini, na Jumatatu yenye mvua huja watatu, wawili kati yao wakiwa wamejikinga tu.

Ila si televisheni inayowavuta watu kwa Mama Mpawe, kama wateja wanavyomwita Esteri, maana televisheni kubwa kuliko yake ipo ng'ambo ya barabara. Kinachowavuta ni kesi.

Baba yake Esteri alikuwa mmoja wa wazee waliosuluhisha ugomvi wa mipaka na mbuzi kijijini kwao. Alikuwa na fimbo wanayoiita intahe. Aliyeishika ndiye aliyesema, na wengine walisikiliza hadi amalize. Mzee alipofariki, fimbo ilimwangukia Esteri kwa sababu kaka zake walitaka ng'ombe. Ikakaa uvunguni miaka mingi. Siku moja mashabiki walipotaka kung'oana mashati kwa sababu ya bao la kuotea, akakimbia nyumbani akaileta.

"Nikawaambia, refa wa Uingereza amekwisha amua, hana habari na nyinyi. Sasa tuamue sisi. Anayetaka kusema ashike hii."

Tangu siku hiyo, uamuzi wowote wenye utata husikilizwa upya Kasulu, mpira ukishamalizika. Sheria ni mbili. Ya kwanza: sema ulichokiona, usiseme unachokitaka. Ya pili ndiyo inayowatoa watu jasho: shahidi wa kwanza lazima atoke upande ambao hukumu itauumiza. Bao la Chelsea likilalamikiwa, shabiki wa Chelsea ndiye anayeanza kutoa ushahidi. Wakishamalizana, Esteri anagonga fimbo chini na kutoa hukumu, na humo bandani hukumu hiyo ndiyo matokeo. Yapo mabao yaliyofutwa Uingereza ambayo Kasulu yanahesabiwa hadi leo. Kuna ubingwa mmoja ambao wateja wa Esteri hawautambui kabisa.

Mwezi uliopita alisafiri kwenda Kibondo kwenye kikao cha wazazi, akaacha fimbo imefungiwa nyumbani. Banda la ng'ambo ya barabara linatumia king'amuzi kinachotangulia kile cha Esteri kwa sekunde kadhaa. Kelele za bao zikasikika kutoka kule, watu wa Liverpool wakaruka wakakumbatiana kabla hata mpira haujapigwa kwenye skrini yao. Ulipopigwa, bao likakataliwa. Wa Arsenal wakacheka mno. Yaliyofuata yalimgharimu dereva wa bodaboda Saady jino la mbele na Esteri mabenchi mawili.

"Nilirudi nikalia," anasema Esteri. "Sikulilia mabenchi. Nililia kwamba nimewafundisha misimu miwili, na siku moja tu bila mimi wakawa kama hawajafundishwa."

Saa tisa kasorobo banda linaanza kujaa. Saady anaingia na jezi nyekundu, anatabasamu na pengo lake bila aibu. "Mama Mpawe, leo tunawachapa hawa mpaka waombe uraia!" Kutoka kushoto anajibiwa na Ildefonsi, fundi cherehani mrefu aliyejishonea skafu ya Arsenal kwa vipande vya vitenge: "Sha, rafiki yangu, wewe kwanza nenda kajaze hilo goli la mdomoni!" Banda zima linaangua kicheko, Saady akiwa wa kwanza.

Mzee Ridhiwani naye anafika, kofia yake ya vito kichwani, anaketi benchi la nyuma kabisa. Ni mfanyabiashara wa vitenge na mpira anaoujua yeye ni wa Yanga. Esteri anamsogezea kiti chenye mto. Anaukataa mto.

Wachache wanajua kwamba Esteri ni Arsenal damu. "Timu ninayo," anasema kwa sauti ya chini, "ila naivua mlangoni pamoja na ndala."

Mpira unaanza saa tisa na nusu, na mpaka mapumziko hakuna aliyekaa kitako vizuri. Dakika ya hamsini na nane Arsenal wanafunga kwa kichwa, kona safi kabisa. Upande wa kushoto unalipuka. Ildefonsi anamkumbatia mtu asiyemfahamu. Esteri, pembeni ya mlango, anafunga macho sekunde moja tu, kisha anajifanya kuhesabu chenji.

Halafu, dakika ya sabini na mbili, Liverpool wanashambulia. Mpira unapigwa, unamgonga beki wa Arsenal, unatoka nje. Mabenchi ya kulia yanasimama kama yamechomwa sindano. "Mkonooo!" Refa anaweka kidole sikioni. VAR, waamuzi wa video. Anaanza kukimbilia ile skrini ya pembeni ya uwanja, anainama kuitazama...

Umeme unakatika.

Linaanza zogo ambalo Kasulu haijawahi kulisikia. Watu themanini wanapiga kelele kwa Kiswahili, Kiha na Kirundi, mmoja anatukana nguzo za umeme, mwingine anamtukana anayetukana nguzo. Saady yuko juu ya benchi. Benchi linalia kwi, kwi. Kule nyuma Mzee Ridhiwani anasimama na kuanza kuvaa viatu.

Esteri anaiona ada ya binti yake, anayaona mabati yaking'olewa. Anaichukua fimbo na kuigonga kwenye mlango wa bati, mara tatu.

"Nimuceceke!" anapaza sauti kwa Kirundi. Nyamazeni. "Saady, shuka kwenye benchi langu! Simu mifukoni. Atakayechungulia simu hana neno hapa leo. Tunasikiliza kesi sasa hivi."

"Sasa hivi?" mtu anauliza. "Refa mwenyewe hajaamua!"

"Basi tutamtangulia."

Haijawahi kutokea. Siku zote huwa wanarekebisha uamuzi wa watu wengine, na marudio wameyaona mara kumi. Leo hakuna marudio. Yapo macho tu, tena yameona mara moja. Na shahidi wa kwanza, kwa sheria ya banda, lazima awe wa Arsenal.

Fimbo inanyooshwa upande wa kushoto. Hakuna anayeitaka. Mmoja anakumbuka ghafla kwamba wakati huo alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mwisho inasukumwa mpaka mikononi mwa Ildefonsi, aliyekaa benchi la mbele, na ambaye kwa urefu wake hawezi kusema alizibwa.

Anaishika. Angeweza kusema hakuona vizuri na hakuna ambaye angempeleka mahakamani.

"Mkono niliuona," anasema. "Uligusa mpira."

Upande wake unaguna kwa uchungu. "Oya, Ildefonsi! Unatuuza!"

"Nani ameshika fimbo?" anauliza. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkono haukuwa umebanwa mwilini. Ulikuwa huku." Anaunyanyua wake, na skafu ya vitenge inaning'inia. "Mimi naumia kuliko nyinyi wote. Ila niliuona."

Anampa Saady fimbo. Saady anajikohoza, na kwa mara ya kwanza mchana huo hapigi kelele. "Na mimi niseme haki. Mpigaji wetu alikuwa karibu, yule beki hakufanya makusudi. Ila mkono ulikuwa mbali. Ni hayo tu, Mama Mpawe."

Esteri anaipokea fimbo. Uso wake hauonyeshi timu yoyote. Anaigonga chini.

"Penalti."

Upande wa kulia unarukaruka, na ndipo mtu fulani anauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Penalti imetolewa, sawa. Nani anaipiga?

Wanatazamana. Penalti haipigwi kwa mdomo. Dakika moja baadaye watu themanini wako nje kwenye uwanja mwekundu wa mbele ya banda, mabenchi mawili yamesimamishwa wima kuwa milingoti, na mpira umetolewa kwenye buti la gari la abiria lililoegeshwa jirani. Ildefonsi anakaa golini, kwa kuwa ndiye aliyetoa ushahidi. Saady anavua koti la bodaboda. Wauza ndizi wanaacha ndizi. Banda la ng'ambo ya barabara, nalo likiwa gizani, linahamia huku lote.

"Refa nani?" wanauliza.

Esteri anamwendea Mzee Ridhiwani, aliyekwisha fika barabarani. Anapiga goti kidogo kwa heshima na kumkabidhi fimbo kwa mikono miwili. "Mwenyekiti, ulikuja kuangalia. Hapa utaona vizuri zaidi."

Mzee anaitazama fimbo, anautazama umati. Kisha anapita katikati yake, anahesabu hatua, anaweka alama ya penalti kwa kisigino. "Wewe kipa, rudi kwenye mstari! Nimekuona!" Umati unashangilia kama vile timu ya taifa imeingia uwanjani.

Saady anapiga kushoto. Ildefonsi anaruka, vidole vyake virefu vinaugusa mpira, kila mtu anaona vikiugusa, lakini unapita chini ya mkono wake na kuingia. Vumbi, vifijo, vigelegele vya kina mama wa ndizi. Saady haendi kushangilia na wenzake. Anakwenda kumnyanyua Ildefonsi na kumpangusa udongo mgongoni.

Na hapo hapo, televisheni inaunguruma ndani. Umeme umerudi.

Wanakanyagana mlangoni, lakini hakuna benchi linalovunjika kwa kuwa mabenchi ya mbele yako nje. Skrini inaonyesha wachezaji wakipeana mikono. Juu kushoto matokeo yanasomeka wazi: Liverpool sifuri, Arsenal moja. Marudio yanaonyeshwa. Refa wa Uingereza ametazama skrini yake na kusema hakuna penalti.

Arsenal wameshinda. Esteri anaifumbata ncha ya kanga. Macho yote yanamgeukia Ildefonsi, aliyejaa udongo mwekundu kuanzia kiwiko mpaka sikio. Akisema neno moja la kejeli, kazi yote imekwisha.

"Wamekosea," anasema Ildefonsi.

"Nani?"

"Hao wa Uingereza. Hapa ni moja moja. Mimi ndiye niliyefungwa, nisijue?"

Kicheko kinachofuata kinatikisa mabati. Mtu wa Arsenal anamkumbatia mtu wa Liverpool, kisha wanaanza upya kubishana kama kipa alitoka kwenye mstari, na wote wawili wanamtafuta refa. Refa ni Mzee Ridhiwani, na refa amekataa kurudisha fimbo mpaka asikilizwe.

"Kipa hakutoka," anasema. "Nilikuwa pale." Kisha anamrudishia Esteri fimbo, kwa mikono miwili kama alivyoipokea. "Mama Mpawe, fungua banda lako. Ila siku ukienda Kibondo, hii uniachie mimi."

Esteri anacheka huku machozi yakimtoka, na hayafichi. Amefurahi, anasema, kuliko angefurahi Arsenal wakichukua kombe, na kwa shabiki wa Arsenal hilo si neno dogo.

Alikuwa anajiwekea akiba ya jenereta. Sasa wateja wenyewe wanamkataza. Anafikiria kununua kiwanja chake mwenyewe, ajenge banda la tofali, lenye benchi la mbele la kina mama wa sokoni, na mbele yake aache uwazi wa kutosha kupiga penalti. "Niweke milingoti ya kweli," anasema, "na Mpawe akimaliza shule aje akate utepe."

Jua limeshaanza kupoa anapoitundika fimbo msumarini. Dereva wa lori anachungulia mlangoni, amechoka, ametoka njia ya Kibondo bila mtandao wa simu.

"Mama, shikamoo. Liverpool na Arsenal wametoka ngapi?"

"Marahaba," anajibu Esteri, bila kugeuka. "Unauliza matokeo ya wapi, mwanangu?"