Bibi wa Kijapani Ashika Geti

Ijumaa jioni Wajapani wa kompaundi ya jirani, hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, walifanya sherehe yao ndogo: taa za karatasi, ngoma moja, watu wakicheza kwa duara. Mlinzi wa geti lao, kijana wa Tanga, hakutulia. Buti zilifuata ngoma, macho yalikuwa barabarani.

Bibi mmoja wa Kijapani akamvuta mkono.

"Kaka, bosi akinikuta nimekwisha," kijana akaniambia mimi niliyesimama naye getini.

Bibi akamvua kofia, akaivaa, akasimama getini. Kijana akaingia duarani, shingo bado imegeukia geti.

Bosi akatokea kweli. Bibi akamnyooshea kiganja, kwa sauti ileile ambayo kijana huwadai wageni kitambulisho kwa Kiarabu: "Bataka!"

Bosi akaanza kupapasa mifuko akitafuta kitambulisho.

Sherehe nyingi mjini hapa mlinzi huzisikia tu. Hii aliicheza, na sasa shingo ikageukia ngoma.