Taulo la Arobaini na Moja

Jina la Bisibisi alipewa na shangazi yake, aliyemlea, siku alipomkuta kaifumua redio nzima na kuipanga sakafuni kipande kwa kipande, kisha akajitetea kwamba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Uongo mtupu. Ukubwani aliendelea na mchezo uleule, ila sasa watu walimwita fundi.

Shangazi huyohuyo ndiye aliyemtafutia kazi kwenye kiwanda cha kufua nguo za mahoteli, alikokunja mashuka tangu usichana wake. Mataulo yalikuwa yanayeyuka, na mwenye kiwanda alishachoka kuibiwa. Basi kila taulo likashonewa chipu ndogo kwenye pindo, na Bisibisi akafunga mlangoni kisomaji kinachoinasa chipu kwa mawimbi bila kuigusa. Kasheshe ilikuwa kukiunganisha na kidhibiti kinachoendesha mkanda wa mizigo, halafu kidhibiti na kompyuta ya ofisini. Kimoja kinasema hili, kingine kinaelewa lile, naye katikati kama mshenga. Mwishowe vikaelewana: hesabu isipolingana, mkanda unasimama.

Siku ya majaribio mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Asiporidhika, nyaya zote zing'olewe na kazi apewe mwingine. Mataulo arobaini yakapanda mkandani. Mkanda ukasimama. Kompyuta ikaonyesha arobaini na moja.

"Rudia," akasema.

Arobaini na moja tena. Bisibisi akakaza nyaya ambazo hazikulegea, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Ndipo macho yake yalipotua kwenye kapu lake la chakula pale chini ya kisomaji, na kitambaa cheupe ambacho shangazi alifungia bakuli asubuhi. Akisema mtambo ni mbovu, kazi hana. Akisema ni mzima, shangazi ndiye hana. Akafungua mdomo ausingizie mtambo, na roho ilimuuma, maana aliupenda kwelikweli.

"Ngoja kidogo, mwanangu," shangazi akasema kutoka meza ya kukunjia. Akaja bila papara, akafungua bakuli, akakung'uta lile taulo na kuliweka juu ya mengine. "La arobaini na moja hili hapa, bosi. Nilikuwa napima kama mtambo unaona. Unaona."

Wakunjaji wenzake wakaanza kukunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Umeanza kupima lini?" mwenye kiwanda akauliza.

"Kupima hakutaki haraka, bosi."

Bisibisi akaiambia kompyuta itarajie arobaini na moja. Mkanda ukatembea vizuri kabisa.

"Wewe mama, nifuate ofisini," mwenye kiwanda akasema. Akanyakua begi lake la mazoezi, akapita mlangoni kwa hasira.

Mkanda ukasimama. Arobaini na mbili.

Mwenye kiwanda akakitazama kisomaji, akamtazama Bisibisi, kisha taratibu akafungua zipu na kutoa taulo jeupe, bado lina unyevu.

"Kumbe na wewe ulikuwa unapima, bosi?" shangazi akamuuliza kwa upole.

Mwenye kiwanda akaliweka juu ya rundo, akalilainisha kwa kiganja. "Mtambo mzuri," akasema, akatoka peke yake. Habari za ofisini hazikutajwa tena.

Bisibisi alitaka kumkumbatia shangazi palepale. Shangazi alishashika shuka jingine, akamwambia atoke njiani, watu wana kazi.