Kobe Wawili Chini ya Kioo cha Gari

Kobe wa maji hapigi kelele akiumwa. Mbuzi atalia, kuku atajikunyata, hata gari litakuambia kwa mlio kwamba beringi imekwisha. Kobe ananyamaza na kukutazama. Ndiyo maana nilikaa karibu miezi minne nikimuua mmoja polepole, na kila asubuhi nikajisifu kwa malezi.

Nilipewa na mvuvi. Nilikuwa nimemtengenezea injini ya boti iliyowashinda mafundi wawili kabla yangu, na siku ya kuichukua akaja na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kobe wawili wa ziwani, kila mmoja mdogo kuliko kiberiti, walionasa kwenye wavu. Nilitaka kumwambia awarudishe alikowatoa. Basi yule mdogo zaidi akatoa kichwa, akanifumbulia mdomo kama mtu anayetaka ugomvi. Nikampenda hapo hapo. Mimi pia nilifika mtaa huu wa Buyenzi nikiwa mdogo, sina mtu, ila mdomo nilikuwa nao.

Mimi sikusoma. Darasa la tatu nilitoka, sikurudi. Garaji yangu ilianza na spana chache chini ya turubai, leo ina ukuta na geti, na waliosoma ndio wananiletea magari. Nasema hivi ili ujue kichwa changu kilivyokuwa. Kufuga viumbe viwili vya kutosha kiganjani, nimuulize nani?

Nikawajengea nyumba mwenyewe, uani nyuma ya garaji, tunakoishi. Beseni pana la kufulia, maji ya bomba, jiwe moja katikati la kupandia. Tatizo likawa kunguru, na paka wa jirani aliyekuja kukaa ukutani siku ile ile ya kwanza. Nikiwafunika kwa bati nawatia gizani. Lakini pale garaji palikuwa na parebrizi, kile kioo cha mbele, kilichobaki kwenye teksi tuliyoikata vipuri. Nikakilaza juu ya beseni, nikaacha upenyo wa vidole viwili wa kupitisha hewa. Jua linaingia, paka haingii. Mafundi wa garaji za jirani walikuja kuangalia, nami nikasimama pembeni nimekunja mikono, nawasubiri waseme. Walisema. Nilifurahi wiki nzima.

Chakula nacho nilikiona chepesi. Ndagala, hawa dagaa wa ziwani, hatukosi mji huu. Nilinunua wabichi, nikawakata vichwa, nikawapasua kwa ukucha na kuvuta uti wote, nikawapa nyama tupu laini. Niliogopa mwiba usije ukawakaba. Mke wangu magoti yanamsumbua, mchana anakaa mkekani kwenye kivuli cha ukuta, kwa hiyo aliona yote. Siku moja akaniambia, "Miaka arobaini nakupikia samaki. Ni siku gani we ulinitolea mimi mwiba hata mmoja?"

Nikamwambia yeye ana meno.

"Meno ninayo," akasema. "Mume ndiye sijui kama ninaye, au yuko kwenye beseni."

Aliwaita kokoto zangu. Hata hivyo nilimkuta zaidi ya mara moja akiwanong'oneza.

Mwezi wa nne tangu nipewe, yule mdogo aliacha kupanda jiwe. Alilala chini ya maji, akija juu kuvuta pumzi tu. Nilipomshika, gamba likabonyea chini ya dole gumba kama kifuniko cha plastiki, na kingo zake zilikuwa zimejikunja kwenda juu. Nikamrudisha majini haraka, kana kwamba sikuona. Nikaenda kufanya kazi. Kazi haikuenda.

Kuna mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja anayekaa mtaa wa Kigobe, daktari wa mifugo. Alileta gari lake kwa ajili ya breki. Nikamsimulia habari za kobe kama mzaha, nikicheka, maana kuomba ushauri mbele ya mafundi sijui kunaanzia wapi. Yeye hakucheka. Alitaka kuwaona.

Alimgeuza mdogo kiganjani, akambonyeza, kisha mkubwa. Akauliza wanakula nini. Nikamweleza, tena kwa majivuno, jinsi ninavyotoa miba. Akauliza na habari za jua. Nikasema wanalo kutwa nzima, si anaona kioo?

"Mzee," akasema, "mwiba ndio uliotakiwa kuwa gamba. Umewatupia paka. Na jua hili la kwenye kioo ni mwanga na joto tu. Kile kinachokaza mfupa kinabaki nje."

Hapo nikawaka. Nilimwambia vioo vya magari navijua tangu yeye hajazaliwa, na jua ni jua. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza madereva wa malori wanaokuja hapa, mkono wao upi umeungua zaidi.

Kila fundi analijua jibu hilo. "Wa kushoto. Unakaa nje ya dirisha."

"Na wa kulia haupigwi na jua lile lile, kupitia parebrizi?"

Nimepeana mikono na madereva maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiria.

Nikamuuliza kama watapona. Akasema mkubwa atapona. Mdogo hana hakika naye, nimechelewa kumtibu. Hakunipaka mafuta, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alinieleza la kufanya, nami nikashika kwa kichwa kwa kuwa kalamu si rafiki yangu: ndagala mzima na kichwa chake na mwiba wake, akatwe vipande vidogo, minyoo, konokono, majani ya lengalenga, yaani mchicha. Walishwe kwenye bakuli la pembeni, mabaki yasioze katika maji wanayolalia. Maji ya bomba yakae siku nzima kwenye ndoo wazi kabla ya kumiminwa, dawa yake itoke. Jua la moja kwa moja asubuhi, na upande mmoja uwe na kivuli, maana maji ya beseni yakichemka watakufa kabla ya ugonjwa. Na ukiwagusa, nawa kwa sabuni.

Kioo nilikitoa yeye akiwa bado anatazama. Mahali pake nikafunga wavu wa chuma.

Mkubwa alikula siku ile ile, vichwa na miba yote. Mdogo alikataa. Siku ya pili akakataa, na ya tatu. Siku ya tano nikaenda Kanyosha kwa rafiki yangu anayelima kabichi, nikamwomba jembe. Aliponiona nachimbua minyoo akauliza kama garaji imefilisika nimekuwa mvuvi. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Akaacha maswali, nadhani alifikiri ni dawa ya magoti ya mke wangu.

Nyumbani nilishika mnyoo kwa koleo ndogo ya nyaya, nikautikisa mbele ya pua ya yule mdogo. Mke wangu alisogea na mkeka wake mpaka kwenye beseni. Tulikaa hapo muda mrefu, wazee wawili. Kisha kile kichwa kikatoka, mdomo ukafumbuka kama siku ya kopo, akauma mnyoo na ncha ya koleo pamoja, akakataa kuachia.

"Huyo," mke wangu akasema, "ana roho mbaya kama yako. Haendi popote."

Ilichukua miezi. Kila Ijumaa baada ya swala nilimbonyeza kwa kidole, kidogo sana, nikiogopa jibu. Gamba lilikaza kuanzia katikati kuelekea kando. Mkubwa sasa amejaza kiganja, mviringo safi. Mdogo ni nusu yake, ana kibyongo, na kingo zimebaki zimejikunja. Daktari alipokuja tena alisema ataishi, ila umbo hilo halitanyooka kamwe.

Watu wakija kuwaona huuliza kwa nini huyu yuko hivi, amezaliwa hivyo? Mwanzoni nilijibu ndiyo. Siku moja jirani akauliza, mke wangu akiwa pale, nami nikasema apana, hakuzaliwa hivyo. Nilimharibu mimi, kwa kumpenda bila kuuliza. Jirani akatazama chini. Mke wangu akasogea kidogo mkekani, akanipisha nikae.