Mgongo wa Mkono

Fundi wa umeme alikuwa amenyoa shavu moja ujumbe ulipoingia. "Mjomba, leo nabadilisha soketi ya bibi. Nitafanya kama ulivyofanya jana." Wembe ukamtoka mkononi.

Jana yake, kwenye kituo cha vijana anakojitolea kila Jumamosi tangu astaafu, aligusa waya kwa mgongo wa mkono kupima kama una umeme, mbele ya binti anayemlea kikazi, huyo wa ujumbe. Ni mazoea ya mafundi wa zamani: kiganja kikipigwa na umeme hufumba na kung'ang'ania waya, mgongo wa mkono hujitupa pembeni. Ila swichi kubwa alikuwa ameshaizima kabla binti hajaingia, na hilo hakulisema. Miaka arobaini kazini, nani anakumbuka kutaja kuzima?

Na kibaya zaidi, alimcheka. Alimwita Kinyonga kwa kuwa hagusi waya mpaka aupime mara tatu. "Kwa uoga huo, Kinyonga, utazeeka na soketi moja," alisema, na vijana wenzake wote wakaangua kicheko.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena.

"Unakwenda wapi na povu usoni?" mkewe akauliza.

"Nimemuua mtoto wa watu."

Alikimbia mitaa mitatu hadi kwa bibi wa binti kwa magoti yake mabovu, ndala moja ikabaki njiani. Kila hatua aliiona ile mikono myembamba ikigusa waya kwa kumwamini yeye.

Bibi alikuwa amekaa nje mlangoni, ameshika tama. Fundi akashika ukuta.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Katufukuza sote, ati asije mtu akagusa swichi," bibi akasema, kisha akaliona povu na kuanza kucheka. "Kwani baba, huko kwako maji yamekatika?"

Ndani, swichi kubwa ilikuwa chini na fyuzi imetolewa. Binti alichuchumaa mbele ya soketi, testa ya kupimia umeme mkononi, fyuzi imetuna mfukoni mwa sketi.

"Simu nimeizima isinishtue," alisema bila kugeuka. Halafu kwa sauti ya chini: "Nisamehe, mjomba. Nilitaka kufanya kama wewe, nimeshindwa. Nimeogopa."

Fundi akakaa sakafuni.

"Umepima mara ngapi?"

"Tatu."

"Pima ya nne," akasema.